Kasoro

Redio ililetwa na sajini wa polisi, Ikwaput,
Jumanne, mvua ikipiga mabati ya Tororo.
"Inakoroma," akasema. Hakuketi.
Nikaandika kwenye karatasi: INAKOROMA. ELFU NANE.
Nikaibandika mgongoni, mwa redio, si mwa sajini.

Ubavuni mlikuwa na flashi iliyosahauliwa.
Nikaiwasha. Gitaa moja, mtu mmoja,
na mguu wake ukigonga sakafu ya mbao.
Uzi ukalia, ukapanda nusu ya ngazi, ukateleza,
haukufika ulikokwenda wala haukurudi ulikotoka.
Nikasema: spika imechoka.

Nikabadilisha spika.
Uzi ukateleza vilevile.
Nikalehemu waya mbili, nikapuliza vumbi la saruji
(hapa kwetu hata mkate una saruji),
nikakaza, nikalegeza, nikaonja betri kwa ulimi kama mtoto.
Ukateleza vilevile, mahali palepale.
Na mwimbaji naye, nikasema, ana kigugumizi:
mstari anausema, halafu anausema tena,
kama mtu aliyefika benki bila kitambulisho.

Siku ya nne nilikuwa nakula muhogo,
mikono ina mafuta, haiwezi kushika bisibisi.
Sikuwa natengeneza chochote.
Ndipo nikasikia.

Alikuwa anauvuta ule uzi kwa makusudi.
Pale katikati ya sauti mbili,
ambapo mimi ningeziba kwa risasi,
yeye aliweka kiti, akaketi.

Kwetu Padhola ngoma ya matanga huitwa fumbo.
Kiswahili nacho kina neno hilohilo,
kimelipa kazi nyingine.
Shangazi Nyaketcho alipomzika mwanawe
alisema, Umeniachia mlango wazi.
Akasema tena, Umeniachia mlango wazi.
Hakuna aliyemwambia ana kigugumizi.
Tukangoja. Mstari wa tatu ulikuja alfajiri,
na sitauandika hapa.

Basi nikawa mwanafunzi, tena mbaya.
Nyimbo arobaini, hazina majina, namba tu.
Ya saba niliijua ni ya treni.
(Reli yetu imeota nyasi;
jioni ile nilikwenda kuitazama, sijui kwa nini.)
Ya kumi na tisa siielewi mpaka leo.
Kiingereza chao kimetafunwa, nadaka neno moja kati ya matano:
mvua. mlango. nyama ya nguruwe, nadhani.
Nikaamua kwamba bluzi ni kilio.
Nikaisikiliza kwa adabu, kofia mapajani.

Mwezi wa pili akaja mwanamke, Apolot,
na risiti iliyolowa jasho.
"Sajini hajambo?"
"Yuko Mbale, kwa mke mwenza ambaye sijatambulishwa.
Nipe redio."

Ilikuwa inacheza ya saba. Nikataka kuizima,
kwa sababu ya msiba wake. Akanishika mkono.
Mstari wa kwanza, akatikisa kichwa.
Wa pili, uleule, akatikisa kichwa.
Wa tatu, akacheka mpaka akashika meza,
skrubu zangu zikamwagika sakafuni.

"Anasema nini?"
"Mke wake kapanda treni, kamwacha.
Mke wake kapanda treni, kamwacha.
Na tiketi," akafuta macho, "kanunua yeye!"

Akanitazama. "Kwani wewe ulikuwa unaisikilizaje?"
Nikatazama kofia yangu.

Akalipa elfu tano. Tatu, akasema, nimdai sajini.
Akaondoka, redio kwapani, ingali inaimba,
sauti ikipita kwa muuza vitenge, kwa kinyozi,
mpaka kona ya kituo cha mafuta.

Duka likabaki na feni.
Feni yangu ina mkwamo kidogo kila mzunguko:
inazunguka, inasita, inazunguka.
Nikachukua bisibisi.
Nikasikiliza mara ya pili.
Nikairudisha bisibisi mezani.